Mgomba wa Mgeni

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema ili mtu asije akanisifu bure. Naogopa ngurumo. Naogopa pikipiki inayosimama ghafla mbele ya nyumba. Naogopa mtu anayepiga hodi kwa sauti ya chini. Hapa Kibua kila mtu anajua kwamba ukitaka kumwona Généreuse akiruka, dondosha sufuria nyuma yake. Kwa hiyo asubuhi ile binti yangu Noëlla aliponishika mabega kwa nyuma jikoni, niliruka nusura nimwage uji wote.

"Bon anniversaire, Mama! Leo njo unatimiza makumi ine."

"Nani alikuambia?"

"Weye mwenyewe unasemaka kila mwaka ulizaliwa kesho yake ya Toussaint. Nilihesabu tu."

Ni kweli. Toussaint ni sikukuu ya Watakatifu Wote, na kesho yake ni siku ya wafu; mama yangu alinizaa watu wakitoka kufagia makaburi, na maisha yangu yote siku hiyo nimewakumbuka wafu kwanza, mimi baadaye kama nafasi ipo. Lakini Noëlla alikuwa ametoka kwenye récollection, mafungo ya vijana parokiani, na huko kuna frère mmoja, mtawa, aliyewajaza vichwa. Eti siku ya kuzaliwa mtu asimame, ajiulize anataka maisha gani, kisha afanye kitu kimoja cha kuyaendea kabla jua halijazama. Kimoja tu, hata kiwe kidogo.

"Sasa Mama, unataka nini?"

"Nataka ulete maji."

Alicheka, akachukua bidoni, akaenda mtoni. Mimi nikabaki na uji na lile swali, na nilimkasirikia kweli. Mtoto hamtupii mama yake swali la namna hiyo kabla hajala, halafu akaenda zake. Maana jibu nilikuwa nalo, na lilikuja haraka mno.

Nilitaka migomba.

Msinicheke. Kwetu Masisi, nyuma ya nyumba ya mama yangu, migomba ilikuwa imefungana hata mvua ikinyesha sisi watoto tulikaa chini yake bila kulowa. Huku Kibua sijawahi kuwa na mgomba hata mmoja. Tulishuka kutoka kwenye milima yetu miaka kumi na sita iliyopita tukikimbia risasi, Noëlla akiwa mgongoni. Tukapita Ntoto, tukafika hapa, na marehemu Papa Sébastien akatupokea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hakungoja hata hiyo ya tatu. Alituonyesha shamba chini ya kilima, akasema tulime, tule, watoto wasife. Hakutaka kitu ila kikapu cha maharagwe kila mavuno. Mungu amlaze pema.

Lakini udongo wa kula si udongo wa kupanda. Huku hata mtoto anaijua sheria hiyo, na kwetu milimani iko vilevile. Mgeni aliyeazimwa shamba atapanda maharagwe, mahindi, muhogo, vitu vinavyong'olewa vikaisha. Mgomba hapana. Mchikichi hapana. Kahawa usithubutu. Mgomba unazaa watoto pembeni, watoto wanazaa wajukuu, na siku moja aliyeupanda anasema: tazameni, mimi niko hapa tangu zamani. Mgomba ni shahidi. Mgeni akiupanda bila ruhusa amejaribu kuiba udongo, na mwenye shamba anaweza kumfukuza siku hiyohiyo.

Ruhusa huombwa na nyumba nzima, mume akitangulia. Na mume wangu Darius hakuwahi kuomba, kwa sababu Darius alikuwa anarudi Masisi. Kila msimu alikuwa anarudi. Tulipofika alifunga mfuko, akauweka nyuma ya mlango, tayari kwa safari. Ndani yake mlikuwa na sufuria moja, blanketi, kitenge changu cha ndoa na vitu vyake ambavyo sikuvijua. Mfuko ule haukufunguliwa kamwe. Wageni waliukalia kama kiti. Watoto wa Kibua wakampa mume wangu jina, Papa Mufuko, na yeye alikuwa akiwaitikia bila kununa. Mimi ndiye nilikuwa nanuna.

Sasa Papa Sébastien alikuwa amekufa, na mashamba yakawa ya mwanawe Édouard. Mkopo wa udongo ni wa mtu na mtu; mwenye kukopesha akifa, mrithi anaweza kusema hakujui. Tangu matanga sikuwa nalala vizuri. Halafu mwanamume mmoja kutoka Ntoto akaonekana akitembea na Édouard, na wanawake kisimani wakasema amemletea mbuzi, anatafuta mahali pa kupanda michikichi. Shamba letu liko karibu na kijito, udongo wake mweusi. Mtu wa michikichi angelipenda hata akiwa kipofu. Kila nilipopalilia nilijiuliza kama ninampalilia yeye.

Basi siku ile, baada ya misa ya wafu, nilibeba kikapu na jembe nikaenda shambani. Njiani Mama Bibiche alikuwa akipunguza migomba yake, akiyang'oa machipukizi yaliyozidi na kuyatupa kando ya njia. Nilipita. Nikasimama. Nikarudi. Nikaokota moja, nene, lenye mizizi mizuri, nikalitia kikapuni.

"Unapeleka wapi hiyo, Mama Noëlla?" aliuliza.

"Ni ya mbuzi."

"Mbuzi gani? Muko na mbuzi?"

"Ya jirani," nikasema, na nikatembea kama mtu mwenye haraka ya choo. Nyuma yangu nilimsikia akicheka. Mimi si mwongo hodari.

Shambani nilichagua mahali katikati ya muhogo, pale majani yalipofungana, ili asiyejua asione. Nilichimba haraka. Kila ndege aliyeruka nilidhani ni mtu. Nililiweka chipukizi, nikafukia, nikakanyaga, nikatawanya majani makavu juu ya udongo mbichi. Kisha nikarudi nyuma kidogo, nikatazama. Kalikuwa kafupi, kamekatwa kichwa, hakana hata jani la kujivunia. Nilifurahi hadi nikaona haya. Nilisema kwa sauti, "Ni kangu," mwanamke mzima, peke yangu katikati ya muhogo.

Furaha hiyo haikudumu. Kabla sijafuta jembe nilianza kufikiri nilivyopaswa kufikiri mwanzo. Kama Édouard alikuwa anatafuta sababu ya kututoa, mimi nimempa, tena nimemchimbia na shimo. Nilipiga magoti ning'oe. Sikung'oa. Nikasimama. Nikapiga magoti tena. Darius alinikuta katika hali hiyo.

Alikuja mbio, akihema. "Mama Noëlla, safisha safisha hapa! Édouard na shangazi yake wametoka ku kaburi, wako wanazunguka mashamba yote. Iko na ule muntu wa Ntoto. Wanakuya huku." Halafu akaona udongo mbichi. Akapangusa majani kwa mguu. "Hii ni nini?"

"Ni ndizi."

"Naona ni ndizi! Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna."

"Unataka watufukuze?"

"Watatufukuza tu, Papa Noëlla. Ule alileta mbuzi. Siye tulileta nini?"

"Siye tuko bantu ya kupita. Saison ingine tunarudi kwetu."

Hapo kitu kilikatika ndani yangu. Nimesema mimi ni mwoga, lakini mwoga naye ana siku yake. "Saison gani? Noëlla atakuwa mukubwa wa kuolewa, na hajalala hata siku moja mu nyumba ya bantu ya kubakia. Shamba ya baba yako, kila muntu mwenye kutoka kule anatuambia bengine wanalima. Unajua. Unajua, na unafunga tu mufuko!"

Darius aliinama, akalishika chipukizi ang'oe. Nikamshika mkono. Tulikuwa hivyo, tukivutana kama watoto wanaogombea muwa, tuliposikia mtu akikohoa.

Walikuwa watatu. Édouard mbele, kijana aliyevaa shati jeupe la misa. Nyuma yake Mama Godelieve, dada ya marehemu Papa Sébastien, ambaye katika ukoo wao neno la udongo halipiti bila yeye. Na mwishoni yule mtu wa Ntoto, mwanamume mpole wa sura, ambaye nilikuwa nimemchukia bila kumjua. Aliliangalia shamba, kisha akainama akachukua udongo kidogo, akausaga kwa vidole.

Édouard aliona kile tulichokuwa tumekishika. "Nani njo alipanda hii?"

"Ni mutoto," Darius akasema haraka. "Alikuwa anacheza. Nilikuwa natoa."

Njia ilikuwepo. Darius alikuwa amenifungulia mlango, ningenyamaza tu nipite. Lakini nilimfikiria Noëlla akisingiziwa kosa langu siku ileile aliyoniamkia kwa wema, na kinywa kikafunguka chenyewe.

"Ni miye."

Mama Godelieve alinitazama. Édouard alikunja uso. Nadhani hata yeye hakupenda. Angeweza kulipokea la mtoto na kuendelea na safari yake. "Toa," akasema.

Hiyo pia ni sheria. Aliyepanda ndiye anayeng'oa, kwa mkono wake, mbele ya wenye udongo. Nilipiga magoti mbele yao wote. Kalitoka kwa urahisi, maana hakakuwa kamekaa hata nusu siku. Nikasimama nako, mizizi ikinidondoshea udongo miguuni, na nilikuwa natakiwa kukatupa kando, niombe msamaha, nishukuru kama wangeniacha nivune maharagwe yangu.

Sikukatupa. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

"Nimetoa," nikasema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, haikuwa ya mtu jasiri. "Nilifanya mubaya, nilipanda mbele ya kuomba. Sasa njo naomba. Munioneshe pahali naweza kupanda hii ndizi, hata iwe kando ya maji, hata iwe pahali muhogo inakatalaka. Nataka kubakia. Mukinifukuza, munifukuze nikiwa nimeomba."

Édouard alitoa sauti ya mtu aliyeudhika. "Mama, huyu muntu alikuya ku mulango yangu na mbuzi, akaomba. Weye unaomba na ndizi ya wizi mu mukono."

"Siko na mbuzi."

"Ile kila muntu anajua," akasema Mama Godelieve. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa. Alinisogelea, akaligusa chipukizi, akaligeuza kama mtu anayechagua samaki sokoni. "Miaka yote hii, Mama Noëlla. Siye tulikuwa tunangoya. Marehemu alikuwa anatuambiaka: muwaache, hawa hawatake udongo yetu. Kama wanataka, wangefungua mufuko."

Miaka kumi na sita niliamini kwamba wao ndio waliokuwa wanatunyima, na niliwachukia kidogo kidogo kwa siri, hata wakati napeleka kikapu cha maharagwe. Kumbe mwomba chumvi huombea chungu chake, na chungu chetu hakuna aliyekiombea. Nililia, si kwa huzuni, kwa hasira. Sikujua hata nimkasirikie nani.

"Lakini ku udongo inaomba nyumba muzima," Mama Godelieve akaendelea. Akamgeukia mume wangu. "Papa Darius. Munarudi ao munabakia?"

Wote tukamtazama. Darius aliangalia upande wa Masisi, ingawa kutoka pale huoni kitu, mawingu tu na msitu. Nilimjua mtu huyu. Nilijua atasema "saison ingine", nilikuwa nimekwisha kuisikia kabla hajaisema, na nikaanza kufikiri tutalala wapi mvua hizi.

"Tunabakia," akasema. Aliitamka kwa sauti ya chini mno hata yule mtu wa Ntoto akainua shingo ili asikie.

"Kinywa iko nyepesi," Mama Godelieve akasema. "Miye nataka kuona mufuko."

Tulipanda kilima wote watano, mimi na mgomba wangu mkononi, watu wakitutolea macho kutoka milangoni. Mama Bibiche aliona chipukizi, akaona Édouard, akajifunika mdomo. Nyumbani Noëlla alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga. Alisimama, akatuangalia mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na swali.

Darius aliuburura mfuko hadi uani. Fundo lilikuwa limekauka likawa kama mti. Édouard alimpa kisu, akakataa. Alipiga magoti akalihangaikia kwa kucha, kisha kwa meno, mtu mzima na mvi zake, na hakuna aliyecheka. Nilitaka kumwambia aache, akate. Nikanyamaza, kwa sababu nilielewa kwamba fundo ni lake.

Lilipofunguka, harufu ilitoka kwanza. Blanketi lilikuwa na ukungu. Kitenge changu cha ndoa, kile nilichokihifadhi miaka yote ili nirudi kwetu nimependeza, panya walikuwa wamekifanya kiota. Nilikiinua kikabaki vipande mkononi. Sufuria ilikuwa nzima. Na chini kabisa mlikuwa na kifurushi cha kitambaa, kimeshonwa kwa uzi mweusi, ambacho sikuwahi kukiona.

"Hiyo ni nini, Papa?" Noëlla aliuliza.

"Mbegu," akasema Darius. "Ya maharagwe ya baba yangu. Nilitoa ku shamba yake siku tulikimbia. Nilikuwa nachunga, siku tunarudi nipande kulekule."

Akakata uzi kwa meno, akafungua. Hamkuwa na harage hata moja. Fukusi walikuwa wamekula wakamaliza, wakafa wenyewe zamani; ulibaki unga wa kijivu, mwepesi, na maganda. Darius alitia vidole ndani akatafuta, akatafuta tena hadi pembeni, kama mtu aliyedondosha kitu kwenye mchanga. Hakupata hata moja. Mabega yake yakaanza kutikisika.

Miaka yote ile nilimwona mkaidi, mtu wa maneno ya kurudia. Sikujua kwamba alikuwa analinda kitu. Nilimhurumia, na kuhurumia kulinichoma kuliko hasira, kwa sababu hasira nilikuwa nimeizoea.

Mama Godelieve alijipangusa uso kwa pembe ya kitenge. Akashauriana na Édouard pembeni, kwa lugha yao, kwa muda mrefu. Waliporudi, Édouard ndiye aliyesema. Kipande cha juu cha shamba, kikubwa, atapewa mtu wa Ntoto. Neno limekwisha kutolewa, na mbuzi amekwisha kupokelewa. Cha chini, kuanzia ile miamba mpaka kijito, ni chetu cha kupanda. Mbuzi wetu tutamleta siku Mungu akitujalia, na asikonde.

Kwa hiyo tulipoteza zaidi ya nusu ya shamba siku ile. Siwadanganyi, kile cha juu ndicho kilichokuwa kinatulisha, na hata sasa nahesabu muhogo kwa mashaka. Nilimtazama yule mtu wa Ntoto nikitaka kuendelea kumchukia, lakini alikuwa ameshika kofia yake mkononi, akiangalia chini.

"Pandeni mbele jua haijazama," Mama Godelieve akasema. "Muntu asiseme kesho."

Noëlla alinigeukia macho yakiwa wazi, maana lilikuwa neno la yule frère, nikamwekea kidole mdomoni.

Tulirudi kijitoni watatu, mimi, mume wangu na mtoto wetu. Darius alichimba. Alichimba kirefu, mara mbili ya shimo langu la asubuhi. Kule mbali, upande wa Buleusa, kulisikika mlio, labda ngurumo, labda si ngurumo. Niliruka kama kawaida yangu. Tukasikiliza. Nyumbani mfuko ulikuwa umelala uani, wazi, mtupu, nikajiuliza: kama ni kukimbia, leo tutakimbia na nini?

Mlio haukurudi. Darius alitoa kile kifurushi mfukoni mwa suruali. Akakifungua, akamwaga unga wote wa mbegu za baba yake ndani ya shimo, akakikung'uta kitambaa hadi kikawa safi. Kisha akanyoosha mkono. Nikampa mgomba. Akauweka juu ya unga ule, akafukia kwa mikono yake, akakanyaga pande zote.

"Leo unatimiza miaka ngapi?" akaniuliza, bado ameinama.

"Makumi ine."

Akautazama mgomba, kale kafupi kasiko na jani.

"Tumekawia," akasema. "Lete maji."